Amemaliza uzamivu, mbona bado yuko maabara?

Tuseme wewe ni mzazi wa Gerezani. Umemsomesha binti kwa fedha za duka la vipuri na kikoba, huku kodi ya fremu ikipanda kila mwaka. Amepata shahada ya kwanza, ya pili, na sasa ya uzamivu. Mtaani wanamwita dokta, nawe umeanza kupumua. Halafu anapiga simu: "Mama, nimepata nafasi ya utafiti wa saratani nje ya nchi, miaka miwili." Unamwambia hongera, lakini moyoni unajiuliza: hivi huyu atamaliza kusoma lini?

Jibu ni kwamba ameshamaliza. Nafasi hiyo, ambayo wasomi huiita posdoki, ni kazi yenye mkataba, mshahara na msimamizi. Hupewa mtu mwenye uzamivu kwa muda maalumu, mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu, afanye utafiti chini ya mtafiti mzoefu mpaka aweze kuongoza wa kwake. Wenye gereji wataelewa haraka: kijana aliyekwisha kujua kazi bado hukaa kwa fundi mkuu kwa muda kabla ya kufungua gereji yake.

Kwenye saratani, muda huo una maana kubwa. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mtafiti Anthony Epstein wa London alihisi kuna kirusi ndani yake, akawa analetewa vipande vya uvimbe kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ndege yenye kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Kilipofika maabara, maji yake yalikuwa na ukungu kama yaliyooza. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyaangalia, akakuta seli hai zikielea. Yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walizikuza, na mwaka 1964 wakatangaza kirusi tunachokiita leo Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kama una binti aliyechanjwa shuleni dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, nawe umeonja matunda ya kazi kama hiyo. Mwaka 1983 kundi la Harald zur Hausen huko Ujerumani lilikipata kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani hiyo. Chanjo ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018. Kati ya maabara ile na mkono wa mwanao ilipita miaka 35.

Bado yapo ya kwetu yanayosubiri. Saratani ya umio inasumbua sana Afrika Mashariki, na sababu zake zote hazijajulikana. Watafiti wa Muhimbili na wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo kilomita chache tu kutoka Gerezani, ni miongoni mwa wanaozitafuta. Vijana wenye uzamivu wanahitajika hapo.

Sasa, binti yako hushindaje huko? Seli za saratani hukuzwa kwenye vyombo maalumu, katika joto la nyuzi 37 kama la mwili. Hubadilishiwa chakula kila baada ya siku chache, Jumapili na sikukuu pia. Ndiyo maana mwanao anaweza asipokee simu siku ya Idi. Jaribio la miezi mitatu linaweza kuharibika kwa siku moja, akaanza upya. Hajazembea, kazi yenyewe ndivyo ilivyo.

Kabla hajasaini, kaeni muulizane. Mkataba ni wa muda gani, na nani anaamua kuuongeza? Mshahara ukitolewa kodi ya nyumba na chakula, unabaki kiasi gani? Bima ya afya ipo? Viza inamruhusu kwenda na mwenzi au mtoto? Waliowahi kufanya kazi na msimamizi huyo wako wapi leo? Mwisho, akirudi nyumbani, atafanyia wapi utafiti wake? Hilo la mwisho aanze kuliulizia mapema, kabla mkataba haujaisha.

Suala la fedha nalo liwekwe wazi. Mshahara wa nje ukibadilishwa kuwa shilingi huonekana mkubwa, lakini na matumizi ya huko ni makubwa. Kubalianeni kiasi anachoweza kutuma bila kulala njaa, kisha ndugu wengine waambiwe hivyo hivyo.

Kuna jambo dogo linaloweza kuleta hatari. Kwa kuwa anaitwa dokta, jirani mwenye kivimbe titini atamtumia picha kwenye simu asubiri jibu. Huyo si tabibu. Mwambieni jirani aende kituo cha afya mapema, apimwe, na ikibidi apewe rufaa. Saratani nyingi hutibika vizuri zaidi zikigundulika mapema, na wiki za kusubiri ujumbe ni wiki zilizopotea.

Simu ijayo, swali la "unamaliza lini" liache kwanza. Muulize seli zake zinaendeleaje. Huenda akanyamaza kidogo, kwa sababu nyumbani hajawahi kuulizwa hivyo. Kisha mpe nafasi akueleze, hata kama utaelewa nusu tu.