Baada ya kutolewa mtoto wa jicho, usiache dawa ya matone njiani

Mgonjwa aliyetolewa mtoto wa jicho mara nyingi huanza kuona vizuri siku inayofuata, bandeji inapofunguliwa. Furaha hiyo ndiyo huwafanya wengine kuiweka chupa ya dawa kando. Lakini jicho linaloona bado halijapona.

Katika upasuaji huu, daktari huondoa lenzi iliyofanya ukungu na kuweka nyingine ya bandia. Mwili haujui kwamba jeraha hilo ni la tiba. Huitikia kama kwa jeraha lolote, na ndani ya jicho hutokea uvimbe. Ndiyo maana siku za kwanza jicho huweza kuwa jekundu kiasi, kutoa machozi au kuumizwa na mwanga. Uvimbe usipodhibitiwa, unaweza kupandisha presha ya jicho au kufanya sehemu ya nyuma ya jicho kujaa maji, na macho yakafifia tena wiki kadhaa baadaye. Wenye kisukari wamo hatarini zaidi.

Dawa inayotuliza uvimbe kwa kawaida ni matone ya steroidi, kama deksamethasoni au predinisoloni. Wengi huagizwa tone moja mara 4 kwa siku, kisha hupunguza polepole kwa muda wa wiki 4 hivi. Kuacha ghafla kunaweza kurudisha uvimbe. Fuata ratiba uliyoandikiwa wewe, si ya jirani mliyefanyiwa upasuaji siku moja.

Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Vuta kope la chini, tia tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha fumba kwa dakika moja au mbili. Ukiwa na dawa mbili, subiri dakika 5 kati yake. Predinisoloni hutikiswa kabla ya kutumiwa, jambo ambalo wengi husahau. Mzee ambaye mikono yake inatetemeka asione haya kumwomba mjukuu amtilie.

Kuna kosa la upande wa pili pia: kununua chupa nyingine dukani na kuendelea kwa miezi. Steroidi ikitumiwa muda mrefu bila uangalizi huweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya, na uwezo wa kuona unaopotea kwa njia hiyo haurudi. Dawa iliyobaki usimpe mwenye jicho jekundu nyumbani. Wala usitie maziwa ya mama, asali au mitishamba.

Maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, wekundu ukizidi, usaha ukitoka au macho yakififia, huenda ni maambukizi ndani ya jicho. Rudi ulikofanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Kama ulihudumiwa katika kambi ya matibabu na madaktari wameondoka, nenda hospitali ya karibu yenye kitengo cha macho, ukiwa na kadi yako na chupa zote za dawa.