Njia ya Ruzuku Hadi Kagio

Msimamizi wa ruzuku katika serikali ya kaunti ni afisa anayehakikisha kwamba fedha zilizotolewa kwa shughuli maalumu zimewafikia waliokusudiwa, zimetumika kwa shughuli hiyo na si nyingine, na zina stakabadhi za kuthibitisha hayo. Nchini Marekani kazi hii ina mtihani na cheti chake. Kenya haina utaratibu kama huo: kazi hugawanywa kati ya mratibu wa mradi, mhasibu, afisa wa ununuzi na afisa wa ufuatiliaji na tathmini. Wengi wao walisomea uhasibu au kilimo, na mambo ya ruzuku huyajua wakiwa tayari kazini, aghalabu baada ya mkaguzi kuwahoji.

Kagio, mji wa soko katika Kaunti ya Kirinyaga, kwenye barabara itokayo Sagana kwenda Kutus, unaonyesha vizuri kazi yenyewe ilivyo. Nyanya za mashamba ya karibu hupakiwa hapo kwa kreti na kupelekwa Nairobi. Kirinyaga ilikuwa miongoni mwa kaunti 21 za NARIGP, mradi wa kilimo ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2016 kwa dola milioni 200. Wakulima walijiunga katika vikundi, wakaandika mapendekezo ya miradi midogo, na yaliyopita yakafadhiliwa. Mwaka 2022 ukaja NAVCDP, wa dola milioni 250, uliotilia mkazo sacco za wakulima hao. Mwanakikundi anaziita fedha hizo ruzuku, na kwake ni ruzuku kweli, kwa kuwa hazirudishi. Kwa taifa ni mkopo, na mlipa kodi ndiye atakayeulipa. Wanaolalamika kwamba masharti ni makali mno husahau jambo hilo.

Kabla ya kufika mashinani, fedha hupita milango mingi. Kifungu cha 202 cha Katiba ya 2010 kinaruhusu kaunti kupewa nyongeza juu ya mgao wake wa kawaida, kwa masharti au bila masharti. Nyongeza hizo huhitaji sheria inayopitia Bunge la Taifa na Seneti, na mabunge hayo mawili yakivutana, kaunti zote husubiri. Kaunti nayo lazima iwe imeziweka katika bajeti yake. Kisha fedha hutoka Hazina ya Kitaifa hadi akaunti za kaunti zilizoko Benki Kuu, na haziondoki humo mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe. Ndipo huingia akaunti ya mradi. Katika NARIGP zilipita pia kwa kamati ya maendeleo ya wananchi kabla ya kufika kwenye akaunti ya kikundi.

Tatizo kubwa hapa ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, na fedha zilizochelewa hupenda kutoka mwishomwisho. Mvua ndefu za upande huu wa Mlima Kenya huanza mwezi Machi. Kikundi kilichoombea mbegu na dawa za msimu huo, kikilipwa Juni, kitanunua vitu ambavyo wakati wake umekwisha, na ripoti bado itaonyesha kwamba fedha zilitumika ipasavyo. Afisa hodari hukamilisha mpango wa ununuzi na uhakiki wa vikundi mapema, fedha zikiwa bado Nairobi, ili siku zikiingia kusibaki kazi nyingine ila kulipa.

Faili ya kikundi ndiyo kitovu cha kazi. Hufunguliwa kwa cheti cha usajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Hufuata katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na nambari zao za vitambulisho, kumbukumbu za mkutano ulioamua kuomba fedha, taarifa ya benki, bei za wauzaji zilizolinganishwa, risiti na hati ya kupokea bidhaa. Macho yaliyozoea huanza na sahihi. Sahihi tatu zenye mwandiko mmoja, au risiti iliyotangulia tarehe ya mkutano, zinatosha kumtoa afisa ofisini akaitazame pampu mwenyewe, imefungwa shambani au bado imo katika katoni yake.

Afisa naye ana faili yake. Akichukua masurufu ya safari ya kukagua vikundi, kanuni za fedha za umma zinamtaka ayarejeshe au atoe hesabu yake ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni.

Shinikizo la kisiasa haliandikwi kwenye ripoti yoyote. Kila mwakilishi wadi angependa vikundi vya wafuasi wake vitangulie. Kinga iliyopo ni kuchagua vikundi hadharani, kwa alama zinazojulikana, kwenye mkutano wa wananchi. Kinga nyingine ni kifungu cha 226 cha Katiba: afisa anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria hubeba hasara mwenyewe, hata akiwa amekwisha kuacha kazi. Afisa anayekijua kifungu hicho hupata ujasiri wa kukataa.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutakiwa kutoa ripoti yake ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kumalizika. Matumizi asiyoyakubali mfadhili hurejeshwa, na serikali ndiyo hulipa kutoka mfukoni mwake. Mradi ukifika mwisho, akaunti hufungwa, salio hurudishwa, na mali zote huorodheshwa pamoja na jina la mmiliki mpya. Orodha hiyo haikosi kuzua ubishi, hasa kuhusu pikipiki.