Michezo ya Kale ya Kuruka: Je, Iliyofufuliwa Yafaa Hata Leo?

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii yafaa ikumbukwe na kila mzazi asimamaye mbele ya duka la michezo ya video, mtoto amemshika mkono, na juu ya sanduku pameandikwa jina ambalo mzazi mwenyewe alilisikia zamani. Jina ni lile lile, picha ni mpya, na bei nayo ni mpya. Je, kilichomo ndani ni mchezo ule ule uliowakusanya vijana katika kumbi za Japani na Marekani miaka 40 iliyopita, au ni rangi tu iliyopakwa juu ya ukuta uliokwisha kuoza? Swali hili si la watoto peke yao. Linahusu fedha ya nyumba, na tena linahusu zile saa chache ambazo askari hupata kukaa na jamaa yake awapo likizoni.

ASILI YAKE NI SARAFU

Ili tupate kuhukumu kwa haki, yatupasa kwanza tujue michezo hiyo ilizaliwaje. Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilikuwa na shida kubwa huko Marekani, kwani mashine nyingi za mchezo wake uitwao Radar Scope zilikuwa zimelala ghalani bila mnunuzi. Kijana mmoja mchoraji, Shigeru Miyamoto, alipewa kazi ya kubuni mchezo mwingine utakaotiwa katika mashine hizo, akisimamiwa na Gunpei Yokoi. Matokeo yake yalikuwa Donkey Kong. Sokwe mkubwa amemteka mwanamke na kupanda naye juu ya jengo la vyuma. Seremala mfupi, ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Mario, anapanda ngazi kumfuata, huku akiruka mapipa yanayobingirika kutoka juu. Hatua zake zilikuwa za namna 4 tu, zikihesabiwa kwa urefu wa jengo: mita 25, 50, 75 na 100. Zikiisha, mchezaji huanza tena, na mambo huzidi kuwa magumu.

Ugumu huo ulikuwa na sababu. Mashine iliishi kwa sarafu, na mchezaji asiyeshindwa upesi alikuwa hasara kwa mwenye ukumbi. Ndani ya mashine mlikuwa na swichi ndogo ambazo kwazo mwenyewe aliamua kama mchezaji apewe uhai mara 3, 4, 5 au 6. Lakini mchezaji akiona amedhulumiwa hatatoa sarafu ya pili. Kwa hiyo mtungaji alipaswa kumwangusha mapema, na papo hapo kumfanya aamini kwamba kosa lilikuwa lake mwenyewe na kwamba safari ijayo atafaulu. Hiyo ndiyo siri ya mvuto wa michezo ya kale, na ndiyo pia asili ya udhia wake.

Hata hivyo si kila gumu lilikusudiwa. Katika Donkey Kong hesabu ya muda huwekwa mahali pasipoweza kushika namba inayozidi 255. Mchezaji hodari afikapo duru ya 22, hesabu hiyo hufurika, naye hupewa muda mfupi mno hata hufa kabla ya kufika juu. Ubingwa wake wote hukomeshwa na kosa la hesabu.

MIFANO MITATU

Sasa tuitazame michezo iliyofanywa upya. Mwaka 1994 Nintendo waliirudisha Donkey Kong katika mashine ndogo ya mkononi iitwayo Game Boy, yenye kioo kisicho na rangi mbalimbali. Mchezaji hukutana na hatua zile zile 4 za zamani, na amalizapo hudhani kazi imekwisha. Kumbe sokwe anamnyakua tena mwanamke na kukimbia, na safari yaendelea hadi kufikia hatua 101. Mario sasa aweza kusimama kwa mikono, kupinduka hewani, na kubeba ufunguo mpaka mlangoni. Anguko dogo, ambalo mwaka 1981 lilimwua mara moja, sasa anastahimili. Watungaji hawakuwa na rangi za kuongeza. Waliongeza mambo ya kufikiri. Ndiyo sababu mchezo huo haujachakaa.

Mtoto wake, Mario vs. Donkey Kong wa mwaka 2004, naye alifanywa upya mwaka 2024 kwa ajili ya mashine ya Nintendo Switch. Humo mchezaji huchagua: ama acheze kwa desturi ya zamani, akikimbizana na muda, ama acheze kwa utulivu bila saa. Tena watu wawili waweza kucheza pamoja, jambo la maana kwa nyumba yenye kifaa kimoja na watoto wengi.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Mwaka 1985 kampuni ya Capcom ilitoa Ghosts 'n Goblins, kisa cha askari wa kale aitwaye Arthur, mwenye deraya na mkuki, anayepita makaburini kumtafuta binti mfalme. Akiguswa mara moja, deraya yote humvuka na kubaki na nguo ya ndani tu. Akiguswa tena, huwa mifupa. Akisha kuruka hawezi kubadili mwelekeo hewani, kwa hiyo yampasa kupima kwanza ndipo aruke. Na mchezaji akifika mwisho, huambiwa arudie safari yote tangu mwanzo, ndipo aone mwisho wa kweli.

Mwaka 2021 mtungaji yule yule, Tokuro Fujiwara, aliongoza kazi ya kuufufua kwa jina la Ghosts 'n Goblins Resurrection. Sheria ya kuruka hakuigusa. Alichoongeza ni vyeo 4 vya ugumu, na katika cheo cha chini kabisa anayekufa husimama tena pale pale alipoangukia. Vijana waliozoea michezo laini huenda wakanung'unika kwamba Arthur ni mzito kama gogo. Kwa maoni yetu mtungaji alitenda vyema, kwa maana uzito huo ndio mchezo wenyewe; ukiuondoa, mapepo yote ya makaburini hayatishi tena.

Mfano wa tatu watoka Ufaransa. Mchezo wa Wonder Boy ulianza katika kumbi mwaka 1986, na ndugu yake mmoja, The Dragon's Trap, alitoka mwaka 1989 kwa ajili ya mashine ya nyumbani ya Sega. Mwaka 2017 kikundi cha Lizardcube cha Paris kilimchora upya kwa mkono, lakini mwendo wa zamani ukahifadhiwa. Kwa kubonyeza kitufe kimoja, picha mpya hugeuka kuwa zile za kale katikati ya mchezo, na muziki hali kadhalika. Hata maneno ya siri yaliyoandikwa daftarini tangu wakati ule bado hufungua milango yake. Hapa mzazi na mwana waweza kuona kwa macho yao ni nini kilichobadilika na ni nini kilichobaki.

KIPIMO CHA MWENYE NYUMBA

Kutokana na mifano hii twaweza kupata kipimo cha kutusaidia dukani. Kwanza, mchezaji akianguka, je, aelewa kwa nini ameanguka? Kama haelewi, picha nzuri hazitamfariji. Pili, je, kilichoondolewa ni kile kilichowekwa kwa ajili ya sarafu, kama vile kurudishwa mbali kwa kosa dogo, au kimeondolewa hata kile kilichoufanya mchezo kuwa mchezo? Tatu, je, umeongezwa jambo la kufikiri, au rangi tu?

Mchezo usiofaulu katika maswali haya usinunuliwe kwa ajili ya jina lake. Ni afadhali kutafuta ule wa asili. Donkey Kong ya mwaka 1981, kwa mfano, ilitolewa tena bila kubadilishwa mwaka 2018 na kampuni ya Hamster kwa ajili ya Nintendo Switch. Mzazi aweza kumwonyesha mwanawe mwanzo wa mambo, kisha wakahukumu pamoja.

Neno la mwisho ni kwa akina baba na akina mama. Zamani sarafu ndiyo iliyokuwa kikomo: zikiisha mfukoni, kijana alirudi nyumbani. Mchezo wa leo hauna sarafu, na anayekufa mara mia hufufuka mara mia bila malipo. Kikomo hicho sasa lazima kiwekwe na mzazi. Masomo yamalizwe, vyombo vioshwe, maji yatekwe, ndipo mchezo uanze. Na saa iliyoahidiwa ikifika, mashine izimwe hata kama sokwe yu karibu kushindwa. Mario atamngojea pale pale hadi kesho.