Kadi za harusi: Si kila karatasi inafaa kwenye printa ya ofisini

Michango ya harusi inapokusanywa, kadi ni moja ya gharama ambazo kamati hutamani kuzipunguza. Mjumbe mmoja ana printa ofisini, mwingine ana steshenari mtaani, na karatasi za kupendeza zimejaa madukani. Basi inaamuliwa kadi zichapwe wenyewe.

Uamuzi huo unaweza kuokoa fedha. Unaweza pia kuharibu mashine ya watu na kuiacha familia bila kadi siku chache kabla ya sherehe. Tofauti iko kwenye karatasi.

Kwanza ni kujua aina ya printa. Printa ya wino wa maji hurusha matone madogo sana ambayo lazima karatasi iyanywe. Printa ya leza hutumia unga uitwao tona, unaoyeyushwa na kugandishwa kwenye karatasi na roli zenye joto linaloweza kufika karibu nyuzi 200 za Selsiasi.

Joto hilo ndilo linalowaponza wengi. Karatasi ya picha inayong'aa, iliyotengenezwa kwa ajili ya printa ya wino, ina utando juu yake. Ikipitishwa kwenye leza, utando unaweza kuyeyuka na kunata kwenye roli. Karatasi moja tu ya majaribio inatosha kuleta hasara. Kinyume chake nacho kina madhara: karatasi inayong'aa ya leza ikiwekwa kwenye printa ya wino, wino haunyweki, na kadi humchafua kila anayeishika.

Uzito una maana

Pakiti ya karatasi huandikwa uzito kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya kopi ni gramu 80. Karatasi 16 za A4 zinatimiza mita moja ya mraba, hivyo kila moja ina gramu 5 na rimu ya karatasi 500 ina kilo 2.5. Anayetilia shaka rimu aliyouziwa anaweza kuipima kwenye mizani ya jikoni.

Karatasi ngumu za kadi huanzia takriban gramu 160 na huweza kuzidi 250. Printa nyingi ndogo za leza huishia karibu na gramu 160. Kikomo hicho kimeandikwa kwenye kijitabu cha mashine, na ni busara kukisoma kabla ya kwenda dukani.

Hata karatasi inayokubalika inahitaji maandalizi. Kwenye kompyuta, kabla ya kuchapa, huchaguliwa aina ya karatasi kuwa nene. Printa ya leza hapo hupunguza kasi ili joto lipenye vizuri. Ikiachwa kwenye karatasi ya kawaida, tona haishiki na maandishi hubanduka kwa kusuguliwa na kidole. Kadi ndiyo tiketi ya ukumbini, na jina likifutika, mgeni aliyechanga husimamishwa mlangoni kama mdandiaji.

Karatasi nene zipitishwe moja moja kwenye trei ya mkono. Kama printa ina mlango wa nyuma, ufunguliwe ili kadi itoke imenyooka badala ya kukunjwa ndani ya mashine.

Unyevu na stika

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, karatasi iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, hujikunja na kukwama. Ibaki ndani ya pakiti yake hadi wakati wa kuitumia. Kwa wanaochapa stika za zawadi, karatasi ambayo baadhi ya stika zimeshabanduliwa isirudishwe kwenye printa, kwani zilizobaki zinaweza kung'oka na kunata ndani.

Kabla ya kuchapa kadi zote, zichapwe mbili tu, ziachwe zipoe au zikauke, kisha zisuguliwe na kukunjwa. Zikifaulu, kazi iendelee.

Na kama karatasi iliyopendwa na bibi harusi ni nene kupita uwezo wa mashine, isilazimishwe. Maneno yachapwe kwenye karatasi ya gramu 80 au 100, kisha yabandikwe ndani ya jalada la karatasi hiyo nene. Kadi itapendeza, na printa itarudi ofisini ikiwa nzima.