Dalili ya mvua milimani si mawingu pekee

Wahenga walitufunza kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo nimeifundisha na kuitahini kwa miaka mingi bila kuitilia shaka. Lakini alasiri moja ya mwezi wa Aprili, miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ukingoni mwa mto Gura upande wa Othaya, Nyeri, nilitambua kwamba methali hiyo yaweza kumwangamiza mtu anayeitegemea peke yake.

Nilikuwa nimeandamana na wanafunzi kumi na wawili wa isimu, tukikusanya majina ya vijito na mabonde. Kazi ilipokwisha mapema, vijana waliomba ruhusa ya kushuka mtoni wapige picha na kupoza miguu. Niliwakubalia. Mbingu ilikuwa safi, wala hapakuwa na wingu juu yetu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesikia redioni kwamba kungekuwa na mvua katika sehemu chache za milimani, nami nikajiambia: mvua chache, haina neno.

Wanane kati yao walikuwa wameshafika kwenye mwamba ulio katikati ya mto, wakati mzee mmoja aliyekuwa akiwakatia ng'ombe wake majani alipopaza sauti: "Mwalimu, watoe watoto! Mto unakuja!"

Kijana mmoja alicheka. "Guka, mto si uko hapa tayari?"

Mzee hakucheka. Aliyaonyesha maji kwa panga lake. Maji yaliyokuwa maangavu yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, na juu yake yalielea povu na majani mabichi. Tulitoka mbio. Hata dakika kumi hazikupita, mwamba ule ukawa hauonekani tena. Mkoba mmoja na madaftari mawili ya utafiti yalikwenda na maji. Watoto wa watu, kwa rehema za Mungu, walibaki.

Lawama ya siku ile ni yangu, nami siitupi kwa mtangazaji wala kwa mtabiri. Ni aibu iliyoje kwa mtu aliyesomea lugha hadi shahada ya uzamifu kushindwa kutofautisha "mvua sehemu chache" na "mvua chache"! Katika utabiri, maneno hayo yana maana maalumu. "Sehemu chache" ni chini ya theluthi moja ya eneo linalotajwa. "Sehemu kadhaa" ni baina ya theluthi moja na theluthi mbili. "Sehemu nyingi" ni zaidi ya theluthi mbili. Maneno hayo yanapima upana wa eneo litakalonyeshewa, hayapimi wingi wa mvua. Mvua ya sehemu chache yaweza kuwa gharika kwa yule aliye chini ya wingu lenyewe, au kwa yule aliye kando ya mto unaotoka chini ya wingu hilo.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mji wa Nyeri umekaa baina ya milima miwili: Nyandarua upande wa magharibi na Mlima Kenya upande wa mashariki. Chania na Gura hutoka Nyandarua; Thego, Naro Moru na Burguret hutoka Mlima Kenya. Gura hutajwa na wengi kuwa miongoni mwa mito yenye kasi kubwa zaidi barani Afrika, na si ajabu, kwani huporomoka kutoka nyanda za juu kwa mteremko mkali ndani ya masafa mafupi. Mvua ikinyesha kule juu, mvuvi wa trauti aliye bondeni haioni wala haisikii. Naye ataotea jua, mpaka maji yamfikie.

Hebu tufanye hesabu ndogo, ambayo mwalimu wa darasa la nane anaweza kuiandika ubaoni. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja kwa kila mita mraba. Milimita 20 zikinyesha juu ya kilomita mraba moja tu ya mlima, hizo ni lita milioni 20. Sehemu yake huzama ardhini na kunywewa na msitu; inayobaki haina njia nyingine ila mto.

Msiba wa namna hii umekwisha kutupata kwingineko nchini. Mwezi wa Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa kutoka Nairobi walifariki katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, maji yalipowafikia ghafla. Septemba 2019, korongo lilo hilo likaangamiza roho nyingine za watu waliokuwa matembezini. Maji hayo ya ghafla hukusanyika juu, mbali na macho ya wanaotembea ndani ya korongo. Mtu akitazama mbingu iliyo juu ya kichwa chake pekee, anasoma ukurasa mmoja wa kitabu na kudai amekimaliza.

Mlima nao una sarufi yake, na wanafunzi wetu wanaoupanda wakati wa likizo hawana budi kuijua. Siku nyingi alfajiri huwa safi. Jua likipanda, miteremko hupata joto, hewa huinuka, hupoa na kugeuka mawingu. Kufikia adhuhuri kilele kimefunikwa, na alasiri hunyesha mvua, au theluji huko juu. Usiku mbingu hufunguka tena. Hii ndiyo sababu waongozaji huwaamsha wageni usiku wa manane ili wafike kilele cha Lenana, mita 4,985, jua linapochomoza, kisha washuke mapema. Wanaodhani ni desturi tu ya kufurahia mapambazuko hawajui kwamba wanakimbizana na mawingu.

Isitoshe, kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa takribani digrii 6. Baina ya Nyeri na Lenana kuna zaidi ya mita 3,000. Mwanafunzi anayetoka mjini akiwa na fulana moja kwa sababu kuna digrii 20, atakutana na baridi ya kugandisha maji kabla hajafika kileleni. Na akiwa amelowa kwa mvua ya alasiri, mwili wake utapoteza joto upesi mno. Tena mlima si mmoja kwa pande zote. Miteremko ya kusini-mashariki, upande wa Chogoria na Embu, hupata mvua nyingi. Upande wa kaskazini, Nanyuki na Timau, huwa mkavu zaidi. Kwa hiyo kusema "milimani kutanyesha" ni sawa na kusema "mjini kuna mtu".

Hapa Kiswahili chetu chahitaji kuhojiwa. Masika, vuli, kipupwe na kiangazi ni maneno mazuri, lakini yalizaliwa pwani, kwenye pepo za kusi na kaskazi. Hata "theluji" tuliipata kwa Waarabu, na "barafu" asili yake ni Kiajemi, kwa kuwa mwambao haukuwa na haja ya kuvipa majina vitu usivyoviona. Wakazi wa Nyeri wana majira yao: mvua ya njahi, inayoanza mwezi Machi, mvua ya mwere, ya Oktoba hadi Desemba, na gathano, ile baridi ya ukungu na manyunyu ya Juni hadi Agosti. Mwanafunzi akiambiwa na kitabu kwamba Julai ni wakati mzuri wa kupanda mlima kwa kuwa mvua ni haba, halafu atazame nje aone gathano imeufunika mji wiki nzima, atamwamini nani? Vyote viwili ni kweli. Mara nyingi ukungu huo hulala chini, na aliye juu yake huota jua. Lakini tofauti hiyo hafundishwi.

Majina ya mahali nayo ni kumbukumbu ya hali ya hewa na maji kwa anayejua kuyasoma. Naro Moru, kwa Kimaasai, ni mawe meusi. Jina Nanyuki huhusishwa na wekundu, na Ewaso Nyiro ni mto wa maji ya rangi ya udongo. Waliotangulia waliitazama rangi ya maji kwa makini kuliko sisi. Mzee wa Gura alikuwa akisoma alfabeti iyo hiyo. "Mto unakuja" halikuwa fumbo wala tamathali ya usemi. Kwake, maji ya kila siku ni kitu kimoja, na mto unaoshuka kutoka mlimani ni kitu kingine. Mwanafunzi wangu alicheka kwa sababu alisikia maneno bila kujua maana.

Kutosikilizwa kwa mashahidi si jambo jipya katika mlima huu. Ludwig Krapf, mwanaisimu aliyetunga kamusi ya Kiswahili, aliuona akiwa Kitui mwaka 1849. Habari ya theluji karibu na mstari wa Ikweta ilipofika Ulaya, wapo wataalamu waliokaa vitini mwao wakaikana. Leo sayansi haina kisingizio hicho. Tangu 1999 kuna kituo cha kuchunguza hewa katika mlima huu, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari. Idara ya Hali ya Hewa nayo hutoa utabiri wa kaunti kwa kaunti. Kinachopungua si vipimo, bali ni daraja la lugha baina ya vipimo hivyo na mtu aliye mtoni.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, utabiri unaotangazwa kwa Kiswahili utaje upande wa mlima, kimo, saa, na mito itakayopokea maji hayo. Na usione haya kuazima maneno ya wenyeji. Pili, walimu wenzangu, kabla ya kuwapeleka watoto wa watu Chania, Sagana au Naro Moru, tufundishe somo moja la kusoma mto: rangi, povu, majani, sauti. Yoyote kati ya hayo ikibadilika, toka kwanza, uulize baadaye.

Sijaifuta ile methali. Bado naifundisha, ila huongeza swali: mawingu ya wapi? Na mwanafunzi anayejibu kwamba ni yale aliyo juu yake, simpi alama zote.