Themostati Tatu Ndani ya Gari Moja: Istilahi za Mtambo wa Kupoza Injini

Miongoni mwa maneno yanayotufikia katika kazi ya kukusanya istilahi za ufundi wa magari, hakuna lililotushughulisha kama neno themostati. Ugeni wake si hoja, maana lugha yetu imekwisha kupokea injini, rejeta, betri na fyuzi, na hakuna aliyedhurika. Tatizo ni kwamba katika gereji nyingi jina hilo moja hubeba vifaa vitatu vilivyo mbalimbali, kila kimoja na kazi yake, mahali pake na ugonjwa wake.

Tuchukue mfano. Dereva aona mshale wa joto umepanda kupita kawaida, naye aandika katika daftari la gari: "Themostati mbovu." Mtunza stoo asoma, kisha atoa themostati anayoijua yeye, ile inayokaa chini ya kifuniko kidogo pale bomba la rejeta linapoungana na injini. Fundi aifunga, gari latoka. Lakini feni bado haizunguki, kwa kuwa kilichoharibika kilikuwa ni swichi iliyo ubavuni mwa rejeta. Katika msongamano wa magari, au katika mlima wa Kitonga nyuma ya lori lililolemewa na mzigo, joto lapanda tena. Silinda hedi ya alumini hupinda, gasketi yake huungua, na maji huingia katika oili. Kifaa cha bei ndogo kimeangamiza injini nzima, na kosa lilianzia katika daftari.

Hivyo basi hatuna budi kuvitenga vifaa hivyo kwa majina, na ili kuvitenga yafaa kwanza tueleze kazi zake.

Kifaa cha kwanza ni vali. Ndani yake mna nta ambayo hutanuka ipatapo joto na kusukuma kizibo. Injini ikiwa baridi, vali huziba njia ya maji ya kwenda kwenye rejeta ili injini ipate moto upesi. Maji yafikapo nyuzi 82 hadi 88 hivi za Selsiasi, kwa kadiri ya aina ya gari, kizibo huanza kufunguka. Katika magari mengi vali hii haina waya hata mmoja, na hiyo ndiyo alama nyepesi ya kuitambua. Ikikwama hali imefungwa, injini huwa moto mno na huku bomba la kwenda kwenye rejeta limebaki baridi. Ikikwama hali iko wazi, injini huchelewa kupata moto na mshale hukaa chini safari nzima. Tunapendekeza iitwe vali ya joto.

Kifaa cha pili hukaa kwenye injini, ncha yake ikigusa maji, nacho hupeleka habari kwenye geji iliyo mbele ya dereva. Ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri maji yanavyozidi joto. Umeme mwingi zaidi hupita, na mshale hupanda. Tulipotafuta jina lake, wazo la kwanza lilikuwa kipashajoto, kwa kuwa hupasha habari za joto. Tuliliacha upesi: kupasha joto ni kukifanya kitu kiwe cha moto, na mtu angeagiza kipashajoto akaletewa jiko. Tumechagua kihisijoto.

Kifaa cha tatu ni swichi ya feni. Hiki hakina habari na geji. Kazi yake ni kuiamuru feni ya umeme izunguke maji yafikapo kiwango fulani, mathalani nyuzi 95, na kuisimamisha yakishapoa. Kwa kawaida hupatikana kwenye rejeta yenyewe au karibu na njia ya maji.

Sasa msomaji ataona kwa nini kutenganisha majina ni nusu ya uchunguzi. Mshale ukipanda na feni ikawa inazunguka vizuri, swichi ya feni haina hatia. Mshale ukikaa katikati na huku rejeta inatoa mvuke, anayeshukiwa kwanza ni kihisijoto au geji. Fundi aliyezoea jina moja kwa vyote hawezi kuandika tofauti hiyo, hata kama mikono yake inaijua.

Kukipima kihisijoto chenye waya mmoja, kama kilivyo katika magari mengi ya zamani, si kazi ngumu. Fungua ufunguo wa gari bila kuwasha injini, kisha chomoa waya wake. Mshale hupaswa kukaa upande wa baridi. Gusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa muda mfupi sana. Mshale hupaswa kupanda kuelekea upande wa moto, nawe uuondoe waya mara uonapo mshale unasogea. Ikiwa hivyo, geji na waya ni vizima, na cha kubadili ni kihisijoto. Mshale usipotikisika, tafuta ubovu katika fyuzi, katika waya, au katika geji yenyewe. Lakini ikiwa geji ya joto na ile ya mafuta zimeanza kudanganya siku moja, usihangaike na kihisijoto wala na tangi. Magari kadha wa kadha ya zamani, na Land Rover ya Series III mojawapo, yana kifaa kidogo nyuma ya dashibodi kinachozipatia geji hizo umeme wa kiasi cha volti 10. Kikiharibika, zote mbili hupotoka pamoja. Hicho tumekiita kituliza volti.

Hapa tuongeze onyo ambalo madereva wengi hawaambiwi. Kihisijoto hupima maji yanayokigusa. Bomba likipasuka na maji yakamwagika, ncha yake hubaki hewani, na mshale waweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale ulioshuka ghafla katika mlima si habari njema. Ni sababu ya kusimamisha gari.

Swichi ya feni ndiyo iliyotupa kazi kubwa zaidi, kwa maana ziko za namna mbili zinazotenda kinyume. Namna ya kwanza, ikipata joto huunganisha umeme. Ukichomoa nyaya zake mbili na kuzigusanisha, feni huzunguka. Isipozunguka, kosa liko kwingine. Namna ya pili, iliyotumika katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990, huwa imeunganisha umeme wakati wa baridi na kuukata wakati wa joto, na kukatwa huko ndiko kunakoiwasha feni kupitia rilei. Humo ukichomoa waya wa swichi, ufunguo ukiwa wazi, feni huzunguka papo hapo. Waundaji walikuwa na akili: waya ukikatika njiani, feni huzunguka daima na injini husalimika. Fundi asiyejua atasema swichi imekufa kumbe ni nzima. Kwa sababu hiyo tunapendekeza majina mawili, swichi unganishi na swichi katishi, nayo yaandikwe hata kwenye kasha la kuuzia.

Feni ikikataa katika majaribio yote mawili, ipelekewe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka, mota yake ni nzima, na uchunguzi uhamie kwenye rilei, fyuzi na waya wa athi. Isipozunguka, mota imekwisha. Mikono na nguo zikae mbali, maana feni ya umeme yaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Magari yenye feni inayovutwa na mkanda hayahusiki na mengi ya haya. Humo hutazamwa mkanda kwanza. Na katika magari ya sasa kompyuta ndiyo husoma kihisijoto na kuamuru feni. Mengi kati yake, yakikosa habari za kihisijoto, huiwasha feni moja kwa moja kwa tahadhari. Katika hayo waya usigusishwe kwenye chuma hata kidogo.

Limebaki neno kuchemka. Watu wengi husema "gari linachemka" kila mshale unapopanda, na usemi huo huficha mambo mawili. Maji yasiyofunikwa huchemka kwa nyuzi 100 pale Dar es Salaam, lakini Mbeya, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka kwa nyuzi 94 au karibu yake. Kifuniko kizima cha rejeta huyabana maji ili yasichemke upesi: chenye alama ya 0.9 huweza kuyafikisha nyuzi 118 hivi kwa usawa wa bahari. Basi kifuniko kilichochakaa, kisichobana tena, chaweza kuyaacha maji yachemke Mbeya kabla ya swichi ya nyuzi 95 kuiwasha feni. Vali ni nzima, kihisijoto ni kizima, swichi ni nzima, na maji yanamwagika. Kwa upande mwingine, injini iliyobanwa vizuri yaweza kufika nyuzi 110 bila tone kuchemka, nayo imo hatarini. Tungependa kuchemka kubaki kwa maji, na injini isemwe kwamba imezidi joto. Kwa vyovyote kifuniko kisifunguliwe hali kingali cha moto.

Kuhusu geji tumeamua kutobadili kitu. Wapo waliopendekeza kipimajoto, lakini neno hilo limekwisha kuwa la muuguzi, na geji ya joto inaeleweka kila gereji. Feni nayo tumeiacha, ingawa tunafahamu kwamba wako wasemao pangaboi. Tunaona hilo lifae zaidi kwa ile ya darini. Mafundi wenye majina mengine ya swichi katishi na kituliza volti, hasa yale ambayo tayari hutamkwa kazini, wayaandike na kututumia kabla orodha haijapitishwa.