Kolmanskop: Mahame ya Nani?

Kiswahili kina maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa: magofu na mahame. Gofu ni jengo lililobomoka. Mahame ni mahali palipohamwa na watu, hata kama kuta zingali zimesimama. Makala haya yanalitazama neno la pili kwa kurejelea Kolmanskop, mji wa almasi ulio katika jangwa la Namib, yapata kilomita 10 kutoka bandari ya Lüderitz nchini Namibia.

Mnamo 1908, kibarua Zacharias Lewala aliokota jiwe lililong'aa alipokuwa akiondoa mchanga kwenye reli. Kwa kuwa aliwahi kufanya kazi katika machimbo ya Kimberley, alilitambua. Alimpelekea msimamizi wake, August Stauch. Stauch alijipatia leseni akatajirika (ingawa naye alikufa fukara mwaka 1947), Lewala hakutuzwa. Ikumbukwe kwamba reli yenyewe ilijengwa kwa jasho la wafungwa Waherero na Wanama, katika miaka ya mauaji ya halaiki ya 1904 hadi 1908.

Mji ulichipuka upesi. Palikuwa na hospitali yenye mashine ya eksirei, kiwanda cha barafu na ukumbi wa tamthilia, ilhali hata maji ya kunywa yalilazimu kuletwa kutoka mbali. Vibarua, wengi wao Waovambo kutoka kaskazini, waliishi katika makambi kwa mikataba, pasipo familia zao. Mwaka 1928 almasi kubwa zaidi zilipatikana kusini, karibu na mlango wa mto Orange, na watu wakaanza kuzifuata. Wakazi wa mwisho waliondoka mwaka 1956.

Hapa ndipo neno letu linapoleta utata. Mtu huhama mahali alipokuwa na maskani. Meneja na mwalimu walihama. Kibarua alirudishwa kwao mkataba ulipokwisha. Je, naye aliacha mahame? Kwa maoni yangu, hakuruhusiwa kuwa na cha kuhama.

Leo watalii huingia na kamera katika vyumba vilivyojaa mchanga hadi kiunoni, na nyumba hizo zingali zikitajwa kwa vyeo vya waliozikalia: ya meneja, ya mhandisi, ya mwalimu.